Bibi ya Kahiga

Sikwenda Kenya kutafuta mume, hilo tuelewane mapema. Mwanaume nilikuwa nimeshampata. Nilikwenda kuona anakotoka, maana ugenini kila mtu ni mpole, na Kahiga alikuwa mpole hadi nikaanza kumtilia shaka.

Tulikutana kwetu Njombe, kwenye baridi ya kusini mwa Tanzania. Mwaka mmoja nyuma alikuja na wakulima wenzake kutoka Nakuru kujifunza habari za mbegu za viazi. Akaingia kwenye duka langu la pembejeo na matope hadi magotini, akasema, "Nipe hiyo dawa ya ukungu." Nikamtazama. Kijana mrefu, masikio makubwa kidogo, macho yanacheka hata mdomo ukiwa umetulia.

"Kaka, huku hatusemi nipe," nikamwambia. "Tunasema naomba."

Akafikiri. "Basi naomba dawa. Na naomba jina lako."

"Lightness."

"Hiyo si ni wepesi?"

"Na lako ni nini?"

"Kahiga. Kwa Kikuyu ni kajiwe kadogo." Akacheka. "Jiwe na wepesi. Tutapatana."

Tukapatana. Alikaa Njombe wiki tatu, na kila siku alikuwa na sababu ya kupita dukani. Akaondoka, simu zikaanza, na kwenye simu alichunga Kiswahili chake kama mtu anayebeba mayai. Naomba hiki, samahani kile, pole na kazi. Siku aliyonitamkia ndoa alisema, "Nataka uwe mke wangu," taratibu, kila neno na nafasi yake. Nikamwambia nitamjibu nikishaona kwao.

Mama yangu hakupenda. "Posa ndiyo inayosafiri, Lightness, siyo binti," alisema. "Halafu una miaka thelathini na minane, yeye ana thelathini na mitatu. Mama yake atakuona kikongwe." Yaani alinigusa penye kidonda. Mchumba wangu wa kwanza aliniacha akaoa binti wa miaka ishirini na mbili, na tangu hapo mtu akitaja umri mbele yangu huwa natafuta mlango.

Lakini ushirika wetu ulialikwa kwenye maonyesho ya kilimo Nakuru, na mimi ni mweka hazina. Nani angenizuia? Tulikaa siku nne. Jumapili asubuhi basi letu lingerudi Tanzania. Jumamosi Kahiga akanifuata kwa pikapu yake kunipeleka Dundori, nyumbani kwao, nikiwa na siku moja tu ya kuamua maisha yangu.

Barabara ilipoanza kupanda nikakaa kimya. Kahiga akaniangalia mara mbili, mara tatu.

"Mbona umenyamaza? Umechoka?"

"Naangalia kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Hapa. Tazama ule udongo. Tazama mashamba ya viazi, na yule mama na sweta lake juu ya gauni. Hata ukungu ni uleule. Kahiga, umenitoa Njombe ukanizungusha ukanirudisha Njombe."

Alicheka hadi akapunguza mwendo. "Ngoja usikie watu wakiongea."

Kweli. Kwenye kibanda cha barabarani paliandikwa "Waru", na chini yake magunia ya viazi. Kijana mmoja akapaza sauti, "Niaje boss, leo umebeba mgeni?" na Kahiga akamjibu kwa maneno ambayo nilielewa moja tu, nalo lilikuwa "eeh". Nilijiona kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta vyombo vyote vimehamishwa. Nilitaka kushika kila kitu na kuuliza jina lake.

"Mama anajua ninakuja kama nani?" nikauliza.

Kahiga alibadilisha gia kwanza. "Anajua. Mwaka mzima anakuita yule wa Tanzania. Yule wa Tanzania amepiga simu? Yule wa Tanzania atazoea hii baridi? Nikamwambia baridi yenu ndiyo kubwa, hakuamini."

"Na akinikataa?"

Alinyoosha mkono akafunika wangu, mkono mgumu wa jembe, na tukafika hivyo.

Mama yake, Wangare, alikuwa mlangoni. Mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, uso usioonyesha kitu. Baba yake Kahiga alishafariki, na ng'ombe watatu na ekari nne za viazi mama anavishika mwenyewe. Nikapiga goti kidogo kama tulivyolelewa.

"Shikamoo, mama."

"Mzuri sana," akasema.

Jamani. Kwetu mtu asipokuitikia marahaba, amekuambia kitu. Kahiga akamnong'oneza, naye akapunga mkono. "Hiyo ni Kiswahili ya mtihani. Mimi niliwachia shule. Karibu, Raitinesi, ingia, kuna baridi."

Ndani palikuwa na moto na harufu ninayoijua. Akapakua, nikaona mahindi na maharage, nikafurahi kama mtoto.

"Makande!"

"Githeri," akasema Mama Wangare.

"Kwetu ni makande."

Akaionja kwa kijiko, kana kwamba huenda imebadilika ikiwa sufuriani. "Githeri," akarudia, lakini safari hii pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo.

Nikampa kitenge nilichomletea, akakipapasa, akakikunja vizuri na kukiweka kando bila neno. Chai ikaja, maziwa na majani vimechemshwa pamoja hadi ikawa nzito, siyo hii yetu ya rangi. Sijamaliza nusu kikombe, akauliza.

"Uko na miaka ngapi?"

Kahiga akakohoa. "Mama."

"Si nauliza tu. Kwani ni siri?"

"Thelathini na minane," nikasema.

"Kahiga ako na thirty-three."

"Najua, mama."

"Haya," akasema, akaniongeza chai.

Ile "haya" niliigeuza kichwani kila upande, sikupata mlango wake. Kahiga alinitazama juu ya kikombe, macho yakiniomba nivumilie, na mimi nikamtazama kumwambia navumilia. Halafu akaenda kukatia ng'ombe majani, na Mama Wangare akaangalia viatu vyangu vya mjini, akatikisa kichwa. Akaniletea mabuti yake ya mvua, wenyewe wanayaita gambuti. "Vaa hizi. Nikuonyeshe shamba."

Yalinitosha kabisa. Nikaona ni dalili njema.

Tulitembea kati ya matuta. Aliniuliza kwetu tunapanda mwezi gani, nikamwambia. Nikamuuliza dawa anayopulizia, akaniambia, nikamwambia angeipunguza kidogo mvua ikikatika, akasimama akanisikiliza hadi mwisho. Mbele yetu ardhi ilishuka hadi bonde, na huko chini ziwa likang'aa kama sahani ya bati. Nikajiambia, Lightness, hapa unaweza kuishi. Nakuapia nilishaanza kuchagua mahali pa kuweka mbuzi.

Ndipo jirani akatokea kwenye ua. Jina lake Waithera, mama mnene mwenye uso wa furaha, anaimba kwaya moja na Mama Wangare. Wakazungumza Kikuyu, sikuambulia ila jina la Kahiga. Waithera akanitazama juu hadi chini. Kisha Mama Wangare akanigeukia, akaacha Kikuyu. Akasema kwa Kiswahili, polepole na kwa sauti, makusudi nisikie.

"Waithera, salimia huyu. Huyu ni bibi ya Kahiga."

Moyo ulinipiga paa. Bibi. Kwetu bibi ni mama yake mama yako. Bibi ni mkongojo na ugoro na meno mawili.

Waithera akapiga makofi. "Bibi ya Kahiga? Kumbe huyu kijana alikuwa ameficha bibi huko Tanzania, na sisi tunamwombea kanisani apate msichana!" Akacheka hadi akashika ua. "Na ako na mwili ya heshima."

Nilisikia damu ikipanda hadi masikioni. Mwenzenu nikikasirika mdomo wangu hauna breki, na hata nikijua nitajuta huwa nasema kwanza.

"Mama," nikasema, "mimi si bibi."

Mama Wangare akageuka. "Umesema?"

"Nimesema mimi si bibi. Nina miaka thelathini na minane, sijawahi kuitwa bibi na mtu yeyote, na sitaki kuanzia leo."

Waithera aliacha kucheka.

"Hutaki?" akauliza Mama Wangare.

"Sitaki, mama. Kwa heshima zote."

"Hata ya Kahiga?"

"Hasa wa Kahiga."

Mikono yake ilishika ncha za sweta. "Na Kahiga anajua hutaki?"

"Nani anataka jambo kama hilo? Hata wewe ungekuwa mimi usingetaka."

"Mimi nilitaka," akasema polepole. "Mimi nilikuwa bibi nikiwa na miaka ishirini na moja. Na sijawahi kujuta."

Bibi wa miaka ishirini na moja. Nilidhani ananichezea shere waziwazi. Ningetulia sekunde mbili ningeona kuna kitu hakikai sawa, lakini hasira haina masikio. Nikamwambia, "Basi hongera sana," kwa ile sauti ambayo mama yangu angeisikia angenichapa kofi.

Mama Wangare akaweka sawa kitambaa chake kichwani, akashuka kuelekea nyumbani, mgongo umenyooka, hakugeuka. Waithera alinitazama kwa huzuni ambayo sikuielewa.

"Aki msichana," akasema, "umemvunja roho. Si ungengoja umwambie kijana kwanza?" Naye akaondoka.

Nilirudi peke yangu. Mabuti nikayavua, nikayapanga mlangoni, nikavaa viatu vyangu vya mjini na kuchukua mkoba wangu. Nikaenda kukaa ndani ya pikapu, mlango wazi, machozi yananitoka na mimi nayakataza. Mama alinionya. Kikongwe, alisema, na mimi nikaja mwenyewe na miguu yangu kuitwa kikongwe mbele ya majirani.

Kahiga alikuja akitembea polepole. Majani yalikuwa yamemshika kwenye suruali. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kukaribia, na macho yake hayakuwa yanacheka.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Si mathe. Mimi."

"Nikwambie nini?"

"Si ati ni lazima. Sijakulazimisha. Lakini kumwambia mathe kwa shamba, mbele ya Waithera, Lightness, hiyo si poa."

"Na yeye alichoniita mbele ya Waithera ni sawa?"

"Alikuita nini?"

Nilishindwa hata kulitamka. "Unajua alichoniita."

"Najua. Ameniambia." Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisahau kuchunga maneno yake, kile Kiswahili chake cha kubeba mayai kilikuwa kimeanguka chote chini. "Na mimi nikafurahi. Nimengoja hiyo kitu mwaka mzima. Nilikuwa huko kwa majani nikasikia Waithera akipiga makofi, nikajua mathe amesema. Sasa anakuja ananiambia umekataa. Umesema hutaki kuwa bibi yangu."

"Bibi yako?"

"Eeh."

"Kahiga, una akili timamu? Mimi niwe bibi yako?"

"Sasa ulikuja Dundori kuwa nani yangu?"

"Mke wako!" nikamfokea. "Nilikuja kuwa mke wako, siyo bibi yako!"

Akanitazama. Akatazama chini, akanitazama tena, na masikio yake yakaanza kubadilika rangi.

"Lightness," akasema taratibu. "Naomba nikuulize. Huko kwenu, bibi ni nani?"

"Bibi ni bibi. Mama yake mama. Mzee."

"Huyo ni cucu."

"Huyo ni nani?"

"Cucu. Nyanya."

"Nyanya ni ya kwenye mchuzi!"

Kahiga alikaa chini, palepale kwenye nyasi, kaweka mikono kichwani. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipoinua uso ndipo nikaona machozi ya kicheko, lakini mengine hayakuwa ya kicheko.

"Bibi ni mke," akasema. "Hapa kwetu bibi ni mke. Amemwambia Waithera wewe ni mke wangu."

Niliisikia ile siku yote ikigeuka ndani ya kichwa changu, neno kwa neno. Hata ya Kahiga? Hasa wa Kahiga. Mimi nilikuwa bibi nikiwa na miaka ishirini na moja. Na mimi nikampa hongera. Hata kwetu tunasema bibi harusi, na anayeitwa hivyo hana mkongojo, ana shela. Hilo sikulikumbuka.

"Mungu wangu," nikasema. "Nimemtukana mama yako."

"Umemkataa mtoto wake. Kutukana ingekuwa afadhali."

"Na ile ya miaka? Mbona aliniuliza miaka?"

"Alikuwa anaogopa nimeleta katoto. Alisema msichana mdogo atakimbia baridi na matope. Ulipoenda kuosha mikono aliniambia, huyu ni mtu mzima, huyu hatakimbia." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Asubuhi alikuwa ameniambia nisikutaje kwa mtu mpaka akuone. Sasa amekuona, na amemwambia Waithera. Kumwambia Waithera ni kutangaza kwa redio, Lightness. Kesho kanisa yote itajua."

Nilishuka kwenye pikapu, naye akainuka. Tulisimama karibu sana, hadi nikasikia harufu ya majani mabichi kwenye shati lake. Mwaka mzima nilikuwa nimeipenda sauti yake kwenye simu, ile sauti iliyonyooshwa kwa ajili yangu. Sasa nilikuwa nimeisikia ile nyingine, ya kwao, ikivunjika kwa sababu yangu. Hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi, na sikuwa na haja ya kufikiri tena.

"Lete wazee," nikasema.

"Umesema?"

"Lete wazee Njombe. Lakini nakuomba sana, ukifika usiwaambie umekuja kuchukua bibi. Watakuitia bibi yangu mzaa baba. Ana miaka tisini, hana meno, na mahari yake utalipa."

Alicheka, kisha kicheko kikamwisha ghafla, akaniangalia tu. Hakunigusa, maana tulikuwa uani kwa mama yake. Ila aliniangalia hivi kwamba nikashika mlango wa pikapu.

"Naenda kwa mathe nimweleze," akasema.

"Hapana. Hili nililiharibu mimi."

Nilirudi mlangoni, nikavua viatu vya mjini, nikavaa tena yale mabuti. Ndani hakuwamo. Kitenge changu kilikuwa bado pale kwenye kiti, kimekunjwa, na kando yake mfuko niliokibebea. Alikuwa anataka kunirudishia.

Nikamkuta zizini. Mlango wa mbao ulikuwa umerudishwa, na ndani maziwa yalikuwa yanapiga ndoo, chwi, chwi, kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Huko njiani nilikuwa nimepanga maneno marefu ya kuomba radhi, Kiswahili safi, samahani na kuwiwa radhi na kadhalika. Nilipofika yote niliyaona ni ya mtihani.

Nikagonga. "Hodi."

Maziwa yakaendelea. "Nani?"

Nikavuta pumzi. Nikalisema kama wanavyolisema wao, na makosa yake yote.

"Ni bibi ya Kahiga."

Chwi ya mwisho, kisha kimya. Ng'ombe akashusha pumzi. Nilisikia kigoda kikisogea, nikasikia mtu akipenga kamasi, na nikaanza kulia tena pale nje kama mjinga.

"Bibi ya Kahiga habishangi hodi hapa," akasema Mama Wangare. "Ingia, na urudishe mlango. Baridi inaingia."